Kuwauguza Wazee Nyumbani: Kazi ya Kujifunza

Katika somo la mwezi huu twataka kunena habari za kazi ifanywayo karibu katika kila kitongoji cha sharika zetu, nayo haihesabiwi kuwa kazi: ni kumwuguza mzee asiyeweza tena kuinuka kitandani. Tukitaja wazee hapa hatuwaneni wazee wa kanisa waliochaguliwa na usharika, bali baba na mama zetu ambao nguvu za mwili zimewaishia, na ambao huenda wakalala miezi mingi, pengine miaka. Watu husema, Nani asiyejua kumtunza mama yake? Sisi twaona kwamba wengi hawajui, na kwa kutojua kwao wazee huumizwa na mikono iwapendayo. Ni neno gumu kulisema. Kwa hiyo msomaji atuvumilie, nasi tumwonyeshe jambo lenyewe.

Na tuitazame Idodi, katika Wilaya ya Iringa, kwa maana hali ya mahali pale yafundisha mengi. Idodi iko bondeni, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Jua lake ni kali kuliko la Iringa mjini, na watu hulima mpunga kwa maji ya mifereji. Mpunga ukianza kukomaa, wakubwa na watoto hushinda mashambani kuamia ndege, na usiku wanaume hulala huko huko ili mazao yasiliwe na tembo watokao porini. Nani basi abaki nyumbani na babu? Mara nyingi ni mjukuu wa miaka 8 au 10. Kituo cha afya kipo, lakini mwuguzi wa kituo hawezi kuwaacha wagonjwa wake ili aende kumgeuza mzee mmoja mara kumi kwa siku. Serikali inayo makao ya wazee, kama Fungafunga kule Morogoro na Njoro kule Moshi, lakini hayo ni kwa ajili ya wasio na ndugu wa kuwatunza. Mwaka 2024 serikali ilianza mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji cha shamba na kila mtaa wa mjini. Mpango huo ni mwema. Walakini watu wawili wenye kuangalia wajawazito, watoto wachanga, malaria na kifua kikuu cha kitongoji kizima hawatakesha kando ya kitanda kimoja. Basi wodi ya mzee ni nyumba yake, na wauguzi wake ni wanawe, wakwe zake, na washarika wa jirani.

Tutoe mfano, wala si habari ya mtu fulani. Babu mmoja amepatwa na kiharusi, upande wake wa kulia umepooza. Wanawe ni watu wema. Wamemlaza chali juu ya godoro jembamba, wamemfunika vizuri, wamewakataza watoto kupiga kelele, na kila aingiaye huambiwa, Mwache, asisumbuliwe. Hata baada ya siku kadha wa kadha harufu yaanza kutoka. Wakimgeuza, waona shimo juu ya matako, na nyama imeoza. Hapo mmoja husema ni ugonjwa umemla kwa ndani, na mwingine hunong'ona kwamba ametupiwa jambo. Si kweli. Kilichomla ni utulivu ule waliomfanyia kwa wema.

Kidonda hicho ni kidonda cha kulala, na chanzo chake hakina siri. Mwili hulishwa na damu ipitayo katika mishipa myembamba. Mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, uzito wa mtu huibana nyama kati ya mfupa na kitanda, damu isipite. Na nyama isiyopata damu hufa. Mtu mwenye afya haoni jambo hili, kwa sababu hujigeuza mwenyewe hata akiwa usingizini. Aliyepooza hajigeuzi, na kwake saa chache zatosha kuanzisha uharibifu. Mahali pa kuangalia ni mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Tena jasho la nchi ya joto, na mkojo uliokaa katika nguo, huilainisha ngozi hata ikachubuka upesi. Ndiyo sababu desturi ya wauguzi ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, kisha chali, kisha ubavu wa kushoto, na kuzunguka tena. Asiye na saa ya ukutani anayo simu ya mkononi, nayo ina kengele. Kengele ile iwaamshayo watu waende shamba yaweza kuwaamsha wamgeuze baba yao.

Hapa pana jambo moja ambalo mhudumu wa kwetu hana budi kulishika kuliko yote. Vitabu vingi vya uuguzi vilivyoandikwa Ulaya huagiza kutazama wekundu wa ngozi, kuwa ndiyo dalili ya kwanza. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na mhudumu angojaye kuuona atangoja mpaka ngozi imekwisha kupasuka. Basi atazame kwenye mwanga, na kugusa kwa upande wa nyuma wa vidole. Je, mahali hapa pamekuwa peusi zaidi ya ngozi iliyo kando yake? Pana joto kuliko kwingine, au pamepoa? Ni pagumu, au pamelegea kama tunda lililopondeka? Mzee akunja uso pakiguswa? Akiona mojawapo la hayo, asimlaze tena juu ya mahali pale mpaka pamerudi hali yake ya kwanza. Wala asipasugue. Zamani hata hospitalini wauguzi walifundishwa kupasugua kwa spiriti. Siku hizi imejulikana kwamba kusugua huzidi kuiumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Kadhalika wako watu wachukuao kata, ile ya kubebea ndoo kichwani, wakaiweka chini ya kisigino au matako ili mfupa usiguse kitanda. Ni akili ya kupendeza, lakini yadhuru, maana duara ya kata huibana ngozi pande zote na kuizuia damu isifike katikati. Afadhali kanga zilizokunjwa ziwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani.

Pengine msomaji auliza, Je, maneno haya ni ya gazeti la Kanisa, au ni ya hospitali? Na wako wasemao kwamba wao humwombea mzee, na kwamba Mungu ndiye atunzaye. Kwa watu hao twakumbusha mambo ya Wittenberg. Mwaka 1527 tauni iliingia katika mji ule. Wengi walikimbia, lakini Martin Luther alibaki akawahudumia wagonjwa. Na katika waraka aliomwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau alifundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba jirani mgonjwa asiachwe peke yake, na kwamba mtu adharauye dawa na uangalifu anamjaribu Mungu. La kwanza twalihubiri mara nyingi. La pili twalisahau. Tena katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoifafanua Amri ya Nne, hakuiacha heshima ya wazazi iwe maneno na salamu tu, bali aliihesabu kuwa ni kuwatumikia na kuwasaidia wakiwa wazee na wagonjwa. Bwana mwenyewe, katika Marko 7, aliwakemea watu walioitumia sadaka ya Mungu kuwa udhuru wa kutowasaidia baba na mama zao. Sala haikuwekwa ili mtu apate kuuacha mkojo katika nguo za mzee.

Wala si jambo geni katika Kanisa kwamba kazi hii ifundishwe. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya dada mashemasi huko Kaiserswerth, ukingoni mwa mto Rhine. Huruma ilikuwako tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa kwamba dada hao walifundishwa na kujaribiwa ndipo wakatumwa kwa wagonjwa. Florence Nightingale wa Uingereza alikwenda kujifunza huko mwaka 1851, kabla jina lake halijajulikana. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliagiza kwamba msaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee afundishwe saa zisizopungua 75, akajaribiwe kwa vitendo. (Ni mwaka huo huo ulioanza uhusiano wa Bega kwa Bega, kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa Saint Paul huko Minnesota.) Watu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi hiyo katika nyumba za wazee za Marekani, wakiwaosha na kuwageuza wazazi wa wengine kwa ustadi waliofundishwa. Na bibi ya mmoja wao, huku nyumbani, huenda anageuzwa na mtu asiyefundishwa hata saa 1. Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliosafiri. Fedha zao ndizo mara nyingi zinunuazo godoro la bibi huyo.

Turudi kwenye kazi yenyewe. Baada ya kugeuza, kinachoua zaidi ni kulisha vibaya. Mzee aliyepatwa na kiharusi, koo lake huenda halifungi vema, na chakula au maji yakaingia njia ya pumzi badala ya kushuka tumboni. Watu humwona akikohoa, wakampigapiga mgongoni, wakaendelea kumnywesha. Baada ya siku chache ashikwa na homa ya mapafu. Mhudumu ajuaye kazi humketisha kwanza, mgongo umeegemea, kidevu kimeinama kidogo. Hutumia kijiko kidogo, hungoja mpaka kimemezwa, kisha hutazama ndani ya shavu lililopooza, maana chakula hukaa humo. Baada ya kula humwacha ameketi nusu saa. Hamnyweshi kamwe mtu mwenye usingizi mzito. Akimwona akikohoa kila mara kwa maji matupu, uji mzito kidogo huenda ukamezwa kwa urahisi zaidi, lakini aende akamwulize mganga wa kituo. Na kinywa kioshwe kila siku, hata kama meno yamekwisha.

Maji ni neno la Idodi hasa. Kiu ya mtu hupungua kwa uzee, hata mwili ukikauka asiombe kinywaji. Wengine hukataa maji kwa kusudi, kwa sababu waona haya kuomba kupelekwa haja mara kwa mara. Mhudumu asiulize, Je, una kiu? bali ampe, na kuhesabu vikombe, na kuutazama mkojo: ukiwa mzito wa rangi na mchache, maji hayajatosha.

Katika kumwinua, asimvute kwa mkono, hasa mkono uliopooza. Bega lisilo na nguvu hutoka mahali pake upesi, na mzee atalia kila siku kwa kosa la dakika moja. Watu wawili wamwinue kwa shuka iliyotandikwa chini yake, wala wasimburute, maana kuburuta huichubua ngozi ile ile tuliyokuwa tukiilinda.

Za dawa hatuneni mengi. Karatasi za hospitali ziwekwe mahali pamoja. Dawa ya shinikizo la damu isiachwe kwa sababu mzee ajiona hajambo. Na zile za kutuliza maumivu, kama diklofenaki, zinunuliwazo dukani kama peremende, zaweza kumtoa mzee damu tumboni na kumharibu figo.

Neno la akili ni zito, nasi twaomba walimu wa mitaa walisome mara mbili. Kuna kupotea kwa akili kwa aina mbili, na asiyezitofautisha hufanya madhara makubwa. Aina ya kwanza huja polepole kwa miaka: mzee asahau majina ya wajukuu, aulize jambo lile lile mara kumi, atoke usiku akapotee njia. Ni ugonjwa wa ubongo. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wazee wa miaka 70 na zaidi walio nao ni kama 6 katika kila 100. Aina ya pili huja kwa siku moja au mbili: jana bibi alikuwa akizungumza vema, leo haeleweki, aona watu wasiokuwako, au amelala tu hajibu. Huo si uzee. Mara nyingi ni ugonjwa uliojificha, kama vile wa njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, kukauka maji, au dawa isiyomfaa. Na kwa mzee huenda mwili usipate joto hata kidogo, dalili ikawa ni akili tu. Mtu wa namna hii apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, wala isingojwe kesho.

Twajua pia maneno yanenwayo pembeni. Mama mzee asemaye peke yake usiku, watu husema anazungumza na wenzake wa gizani. Katika nchi yetu wako wazee wanawake waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, hasa upande wa Usukuma, na wengine wao kosa lao lilikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa mafiga waliyowapikia watoto wao miaka 50. Mhudumu aliyefundishwa ni shahidi katika nyumba kama hiyo. Yeye aweza kusema, Nimemtunza, nimeona, ni ugonjwa. Na neno lake laweza kumwokoa mtu. Mwinjilisti anyamazaye maneno hayo yanaponenwa kilabuni au kisimani ameiacha kazi yake.

Sasa, nani afanye kazi hii? Hapa desturi zetu zina neno, wala tusizicheke. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hakuruhusiwa hata kumtazama baba mkwe wake. Na katika makabila mengine ya nyanda hizi za juu, ijapokuwa sheria ya wakwe si kali hivyo, hakuna mkwe apendaye kumwosha mkwewe uchi, wala mkwe apendaye kuoshwa naye. Lakini siku hizi mzee huishi kwa mwanawe, mwana ameenda zake, na aliyebaki ni mke wa mwana. Baba huyo, kwa aibu, huficha nguo alizolowesha, hukataa kunywa maji, huficha hata kidonda. Aibu yake ni ya kweli, wala haiponyeki kwa kumkemea. Kwa shauri letu kila mtaa wa usharika uchague wahudumu wanaume wawili na wanawake wawili, ili baba aoshwe na mwanamume na mama aoshwe na mwanamke. Wanaume watasema hii ni kazi ya wanawake. Wasome Yohana 13, waone ni nani aliyejifunga kitambaa na kutia maji katika bakuli.

Na mhudumu aingiapo nyumbani, kabla ya kushika shuka, asalimu kama mtoto kwa mzazi. Kamwene, au Shikamoo, itangulie. Amwite Baba, Mama, Babu, Bibi kama apasavyo kuitwa, hata kama mzee huyo hajibu tena, maana masikio huenda yasikia ingawa ulimi umefungwa. Amwambie kila alifanyalo: Baba, sasa nakugeuza upande wa dirisha. Afunike sehemu asiyoiosha. Tena asishike fedha za mzee, wala asiwe shahidi wa wosia wake. Mambo ya shamba na urithi awaachie ndugu na viongozi, asije akashukiwa, kazi yote ikaharibika.

Wahudumu hao wachaguliwe kwa namna ya Matendo 6, ambapo watu wa kugawa chakula kwa wajane walitakiwa wawe na sifa njema na hekima, si nafasi tu. Usharika umwombe mwuguzi wa kituo cha Idodi, au chuo cha uuguzi cha Hospitali ya Kilutheri Ilula, awafundishe siku chache wakati mavuno yamekwisha. Kisha wajaribiwe. Wasijaribiwe kwa maswali ya midomo, kama tunavyofanya katika kipaimara, maana mtu aweza kusema saa 2 na mkono wake usijue kugeuza. Mmoja wao alale kitandani kama aliyepooza, mwenzake amgeuze, amwoshe uso, amlishe uji kwa kijiko, na mwuguzi atazame bila kusema neno. Ndipo wabadilishane. Aliyelishwa uji na mtu mwenye haraka, hali amelala chali, hatausahau upesi. Mwinjilisti naye alale kwenye mkeka nusu saa bila kujigeuza hata kidogo, aone visigino vyake vitamwambia nini. Baada ya miezi sita watazamwe tena, safari hii nyumbani kwa mzee, na mzee mwenyewe, kama aweza kusema, aulizwe mahali ambapo mhudumu hasikii.

Wako watakaoshindwa, na wengine wao ni wenye moyo mwema kabisa. Hao wasirudishwe kwa aibu, wala wasipewe mzee kwa kuonewa huruma. Wapewe kuchota maji na kuleta kuni, kufua shuka, kumwamshia mjukuu kengele ya usiku, na kushika zamu ya kuamia ndege katika shamba la nyumba ile, ili mwana aliyefundishwa apate kubaki nyumbani na baba yake.